Kompyuta za Gwantwa Zilivyovalishwa kwa Ajili ya Wageni

Tunduma kuna watu wanaodhani kompyuta ni kama kioo cha saluni, ikiwaka sana ndiyo nzuri. Gwantwa hakuwa mmoja wao, na ndiyo maana yaliyompata yanauma.

Kompyuta zake zilikuwa mitumba, zenye RAM ndogo, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, alizonunua Nakonde ng'ambo ya mpaka ofisi moja ilipofungwa. Alizipanga katika chumba chake cha steshenari kando ya barabara ya malori. Windows ilizishinda, akaziwekea Linux, akajifunza mwenyewe kwamba Linux hiyohiyo huvalishwa nguo tofauti: GNOME, KDE, Xfce. Mashine moja, programu ileile ya kuandikia barua: ndani ya Xfce ilifunguka kabla hujameza mate, ndani ya GNOME ungeweza kwenda kununua vocha na kurudi. Hata programu zilizotengenezwa kwa ajili ya KDE zilikubali kukaa ndani ya Xfce, ila zilikuja na mizigo yao, kama shemeji anayekuja kukusalimia na ukoo mzima. Gwantwa alizitoa, akatafuta nyepesi. Xfce yake ilikuwa ya kijivu, haina madoido, na pambo lake lilikuwa picha moja tu, ya mibuni ya baba yake kule Itaka.

Yote hayo Gwantwa alimfundisha Fanueli, mwenzake wa kwaya, bila kumdai hata soda. Hata mpangilio wake mzima alimnakilia kwenye flashi.

Kisha usharika ukajenga chumba cha mafunzo, ukawa unatafuta mwalimu wa kompyuta kwa vijana. Gwantwa alikitaka chumba kile mpaka usingizini. Hapa mtaani wote walimwita dada wa fotokopi; kule angeitwa mwalimu. Wazee wa kanisa wakasema watakuja kumwona akifanya kazi.

Siku moja kabla, Fanueli alipita pale. "Dada Gwantwa, hii sura ya kijivu ndiyo utawaonyesha wazee? Watasema umeokota jalalani. Weka GNOME bwana, zing'ae."

"Zitakwama, Fanueli. RAM haitoshi."

"Kwa muda mfupi huo? Kwani mgeni wako unampa chai kwenye kikombe cha plastiki?"

Hapo alimpata. Kwa akina Gwantwa vikombe vya udongo vilikaa kabatini mwaka mzima vikimngoja mgeni, na mtoto aliyevigusa alichapwa. Akazibadilisha zote.

Wazee walifika wakiongozwa na Mzee Deus, wakasifu sana jinsi zinavyopendeza. Mzee Deus akaomba aandikiwe barua fupi ya mwaliko. Gwantwa akabofya. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kwa kiherehere akabofya tena, na mashine ikaganda kabisa. Akahamia ya pili, nayo ikawa yaleyale.

Dawa aliijua. Ni kuizima kwa nguvu, kuiwasha, na kuchagua Xfce pale pa kuandikia nywila. Ni suala la dakika chache. Lakini mkono ulikataa. Kuzibadilisha mbele ya wazee aliona ni sawa na kufungua kitenge chake mbele yao. Akamtazama Fanueli, aliyekuja kushuhudia na kusimama mlangoni, atie hata mzaha kidogo wa kumwokoa. Fanueli alikuwa anatazama malori.

"Pole, mwanangu," Mzee Deus alisema akiinuka. "Zinapendeza kweli. Ila vijana wetu wanahitaji zinazofanya kazi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi huyu mwenyeji hakupona. Alilia kwa hasira, na zaidi alijikasirikia yeye mwenyewe.

Haukupita muda, baada ya ibada ikatangazwa kwamba chumba kimepata mwalimu, waumini wakaribie kukiona. Gwantwa aliingia na wengine. Kompyuta zilikuwa mitumba kama zake. Mzee Deus alikuwa anawaeleza watu kwa furaha: "Kwa macho si nzuri, lakini tazameni zinavyokimbia! Mwalimu ametuambia tusidanganywe na sura."

Barua ikafunguka kabla hujameza mate. Ilipofungwa, nyuma yake ilibaki Xfce ya kijivu, na mibuni ya baba yake ikiwa imezaa. Mwalimu hakujisumbua hata kuiondoa.

"Karibu, dada Gwantwa," Fanueli alisema, akimvutia kiti cha wanafunzi.