Wiki Tatu za Injini ya Baba

Gari letu lilinuka kabla halijaonekana. Harufu ya oili iliyoungua, nzito na yenye ukali wa kubaki kooni, ilifika kwenye mifereji ya mashamba yetu kule Digodigo, na sisi watoto tukajua baba anarudi. Lilikuwa pikapu la kijani lililochakaa, na siku hizo ndilo pekee kijijini lililowaka kila asubuhi. Lilibeba mahindi, mabati, maharusi, wagonjwa na maiti. Nilipokuwa darasa la tano lilianza kutoa moshi wa bluu na kula oili, hata baba akawa hasafiri bila dumu la akiba nyuma ya kiti.

Likizo ya Desemba ilipofika, aliamua kulipeleka kwa fundi Shabani, mjini Karatu, nami nikapanda naye ili nikakae kwa shangazi yangu aliyeishi Ganako, nje kidogo ya mji. Jirani yetu, Mama Elia, alitusindikiza hadi barabarani, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Zahanati ilikuwa imemwambia asijifungulie nyumbani, aende hospitali mapema, na baba alikuwa amemwahidi kumpeleka. "Usichelewe, Baba Rehema," alimwambia. Baba akajibu kwamba kurudi kwake ni kabla ya Krismasi, na siku za Mama Elia kujifungua zilikuwa bado.

Fundi Shabani alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma iliyoingia grisi. Aliifungua injini siku hiyohiyo, akamwita baba na kumpitishia kidole ndani ya silinda ili ahisi mwenyewe jinsi ukuta ulivyoliwa. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi, nikiwasikiliza. "Mzee wangu, njia ni mbili," alisema. "Nikikufungia injini ya mtumba kutoka Arusha, keshokutwa unaondoka. Tukiitengeneza hii, bloku, huu mwili wenye silinda, inakwenda kuchongwa hukohuko Arusha, inarudi, naifunga upya. Wiki mbili, kama hakuna kitakachokosekana." Baba aliuliza injini hiyo ya mtumba ilitoka kwenye gari gani. Shabani, kwa uaminifu wake, akakiri kwamba hajui. Baba alizunguka gari mara kadhaa. Mwisho akasema hawezi kupandisha watu ukingo wa kreta ya Ngorongoro kwa injini asiyojua ilizimikia wapi. "Tengeneza hii," alisema. "Ninaijua."

Wiki ya kwanza ilipita vizuri. Kila asubuhi baba alitembea kutoka Ganako hadi gereji, akarudi jioni na udongo mwekundu hadi magotini. Ya pili, bloku ilirudi imechongwa, iking'aa ndani, lakini pistoni zilizoletwa hazikuwa za kipimo chake. Zikaagizwa nyingine. Mvua haikukatika, na shangazi alinituma kuni huku ukungu ukiwa umelalia mashamba ya ngano. Nakumbuka baba akimpigia Baba Elia simu, akimwambia siku chache tu, na kumuuliza hali ya mkewe. Njema, aliambiwa.

Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, tulikuwa gereji injini ikirudishwa mahali pake. Simu ya baba ikaita. Alisikiliza, akachuchumaa, akaiweka chini kwenye mchanga bila kuikata. Uchungu wa Mama Elia ulikuwa umeanza jana yake, siku chache kabla ya wakati. Walimpakia bodaboda, dada yake akimshikilia kwa nyuma, lakini korongo la njiani kwenda hospitali lilikuwa limejaa maji na pikipiki haikuweza kuvuka. Alifia pale ukingoni, yeye na mtoto, wakisubiri maji yapungue. Shabani alizima redio. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na jingine la kufanya, aliendelea kukaza bolti.

Injini ilitoka nzuri kuliko ilipokuwa mpya. Tulirudi bila kuongeza hata tone la oili. Hakuna aliyemlaumu. Baba Elia alimpokea msibani, akampa mkono, akamwonyesha pa kukaa. Ila tangu siku hiyo hakupanda tena gari letu. Siku moja tulimkuta barabarani akiwa na gunia begani, baba akasimama, naye akatusalimia vizuri, akaendelea kutembea.

Leo Digodigo ina magari kadhaa na bodaboda nyingi, na mwanamke mwenye uchungu hangoji gari la mtu mmoja. Korongo bado hujaa kama zamani. Mwaka jana nilimuuliza baba, ambaye sasa macho yamemfifia, kama angeamua vingine. "Injini niliichagua vizuri," alisema. "Yule mama ndiye sikumuuliza kama angeweza kungoja." Nami nina gari langu, na watu huniomba lifti ya kesho au ya wiki ijayo. Huwa nawaambia nitajitahidi. Kuahidi, siahidi.