Nusura Kimya Kiniozeshe

Arusi ikiisha, nyumba hunuka samli. Hunuka mapaziani, kwenye mito, kwenye nywele za watoto, na hata ukifungua madirisha yote ya ghorofani upepo ukaingia, samli haitoki. Nyumba yetu, katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, ilinuka hivyo siku kumi nzima, mwaka wa pili baada ya Uhuru, alipoolewa dada yangu Salma. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Siku za arusi nilicheza vugo, ngoma ya wanawake ya kugonga pembe na kuimba, mpaka sauti ikanikauka, nikala biriani kwa mkono na kwa macho, nikapakwa hina mpaka viwikoni, nikaona Mombasa nzima hakuna msichana mwenye raha kama mimi. Wageni walipotawanyika niliamka kwenye kitanda tulicholala wawili tangu nilipoachishwa ziwa, nikanyosha mguu nimpige teke asogee, kama desturi. Mguu ukapita. Nililia mpaka mto ukalowa.

Sasa, aibu ya jambo lenyewe ni hii: dada hakwenda Unguja wala Arabuni. Alikwenda Kilindini! Mumewe alikuwa karani bandarini na amepanga nyumba huko, kisiwa hikihiki, mwendo wa saa moja kwa mtu anayetembea akisalimia watu, na Mombasa nani hatembei hivyo? Tena kila Ijumaa alikuja kututazama. Lakini alikuja mke wa mtu, ndani ya buibui jipya, akakalishwa pamoja na mama na shangazi, nami nikatumwa jikoni kuteleka chai. Maneno yetu ya kitandani, yale ya kucheka tukijiziba midomo kwa leso, hayakuwa tena na pa kukaa. Na mimi kwenda kwake sikuruhusiwa, maana mwari hazoei nyumba ya shemeji yake, watu watasema. Basi ningemwambia nani kwamba namlilia mtu niliyemuona juzi? Nikanyamaza. Chakula kikawa hakipiti, masomo hayaingii, na kila jioni nikawa nasimama dirishani natazama njia.

Hapo ndipo alipoingia shangazi Zuhura, dada yake baba, mwanamke aliyejua maana ya kila jambo ila la kwake. Alinitazama siku mbili, ya tatu akatoa hukumu. "Huyu haumwi," alimwambia mama, nami nasikia nyuma ya pazia. "Msichana akikataa wali baada ya arusi ya mkubwa wake, anataka arusi yake. Dalili ya mvua ni mawingu." Mama yangu masikini alikuwa amekwisha kunifukiza ubani, amekwisha kuninywesha kombe za maalimu wawili, yale maji ya aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani. Aliposikia kwamba maradhi yangu yana dawa, alishukuru Mungu. Wiki haijesha, mchumba kapatikana, jamaa ya mume wa shangazi, mwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nimemchungulia toka dirishani siku ya arusi, akila sahani tatu za biriani na kuuliza kama iko nyingine. Hakuwa mtu mbaya. Ila mvi zake zilizidi za baba.

Wanawake wa upande wake wangekuja Jumapili kwa posa. Na kwetu wakati ule mwari hakuulizwa na wazazi. Alitumwa somo wake, na mwari akinyamaza, basi amekubali, kwa kuwa binti mwenye haya hawezi kutamka kwamba anataka mume. Haya basi! Mimi niliyeshindwa kufungua kinywa wiki tatu, nilikuwa naolewa kwa kimya changu mwenyewe. Niliogopa, wallahi niliogopa. Nilijifunza kusema "sitaki" jikoni, nikajifunza chooni, na kila nikifungua mdomo machozi hutangulia.

Somo wangu alikuwa Bi Rukia, mshona kofia, shoga yake mama, ambaye nilikabidhiwa kwake nilipobaleghe. Somo ndiye anayekufunza usafi na mambo ya kike, na ndiye unayemwambia yale usiyoweza kumwambia mamako. Alikuwa mnene, mcheshi, huanza kucheka kabla hadithi yake haijafika penye kichekesho. Alikuja Jumamosi asubuhi. Mama alituwekea pishi mbili za mchele, tuuchague kwa ajili ya wageni wa kesho, kisha akatuacha. Shangazi naye akaaga, lakini kivuli chake kilibaki chini ya mlango.

Tukachagua. Chuya huku, mawe huku. Bi Rukia akanipa habari za mtaa mzima, nani kazaa na nani kanuna, kisha bila kuinua macho akasema, "Mwanangu, wamenituma nikuulize. Huyu mtu unamtaka?"

Nikanyamaza. Nje ya mlango nikasikia shangazi akivuta pumzi, tayari kwa vigelegele.

"Kimya cha haya nakijua," alisema Bi Rukia. "Mwenye haya huinama, lakini shavu linacheka. Wewe umeinama kama uko matangani. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Mchele ni mwingi, kofia zangu zitangoja, na jibu hilo silipeleki kwa mtu."

Tukamaliza ungo wa kwanza, tukamaliza wa pili. Kwenye wa tatu nikasema, kwa sauti ya mbu, "Namtaka dada."

"Dada yako yuko Kilindini."

"Najua!" nilipiga ukelele, na hapo yakatoka yote, kitanda, mguu, chai za jikoni, dirisha, nikalia kwa mikono miwili mpaka nikaumwaga mchele wote mkekani. Bi Rukia alicheka. Alicheka akatikisika, kisha nikamuona anajifuta macho kwa upindo wa leso. Akaniambia kwamba yeye, alipoolewa, alimlilia mbuzi wa kwao mwezi mzima. "Mbuzi, mwanangu! Wewe una nafuu, umemlilia mtu." Nikacheka na kamasi zangu. Sijui niieleze vipi raha ya saa ile. Nilihisi njaa, mara ya kwanza tangu arusi.

Akainuka, akafungua mlango ghafla, shangazi nusura aangukie ndani. "Zuhura, vigelegele viweke," alimwambia, akapita kwenda kwa mama. Baada ya kitambo mama alikuja akanikumbatia. "Nami namlilia," alininong'oneza. "Nalia jikoni, nasingizia vitunguu." Wageni walikuja Jumapili, wakala wali uliochaguliwa mara mbili, wakaambiwa kwa maneno ya asali kwamba mwari bado anasoma.

Jumatatu Bi Rukia alinishika mkono mpaka Kilindini, malori yanayotoka Shimanzi yakitupigia honi. Dada alifungua mlango na macho yamevimba. Kumbe naye! Mumewe, masikini, alidhani amechukiwa, na kila jioni alimletea halua kumbembeleza. Kabati lilijaa halua isiyoguswa. Tulikaa sakafuni tukaila mpaka matumbo yakatusokota. Shemeji aliporudi kazini alitukuta tunagaagaa kwa kicheko, akasimama mlangoni na kifurushi kingine mkononi. "Alhamdulillahi," alisema, "kumbe huwa anacheka." Tangu wiki ile alimleta mwenyewe kila Alhamisi alale kwetu.

Mjukuu wangu sasa ana umri ule niliokuwa nao. Hana somo, desturi hiyo imekufa mitaa mingi. Ana simu iliyojaa marafiki, na shuleni kwao kuna mwalimu wa ushauri, mama mwema sana, lakini ni wa shule nzima. Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani hiyohiyo ndiyo iliyotaka kuniozesha kwa kuwa sikuwa na hamu ya wali. Ila ilinipa mtu mmoja, anayejulikana, ambaye ilikuwa haki yangu kumlilia na wajibu wake kunisikiliza. Juzi nilimsimulia mjukuu habari hii. Alicheka kote, kisha akauliza, "Bibi, na usingekuwa na somo, ungemwambia nani?"

"Ningemwambia mume wangu, yule wa sahani tatu za biriani," nikamjibu.

Akacheka mpaka akajishika mbavu. Mimi sikucheka.