Ubao Kwapani mwa Saffet

Miaka thelathini na moja namchemshia Saffet chai kwenye mkahawa wangu hapa Izmir, na sijawahi kumsikia akimwita Hulusi kwa jina. Ni "mchunga mbuzi" tu. Hulusi naye humwita "fundi viraka", maana Saffet alikuwa fundi viatu. Hao ndio marafiki! Kisha Mualla, mke wa Saffet, akafariki, na mzee akajifungia ndani miezi mitatu, ndevu hadi kifuani.

Ndipo akaja binti mmoja wa ustawi wa wazee na faili lake. Eti tavla, mchezo wetu wa dadu na kete, huwachangamsha wazee. Lo, ahsante mwanangu, hatukujua! Ila alikuwa na masharti: hakuna kutukanana, na aliyefiwa atendewe kwa upole.

Hulusi akamkokota Saffet hadi mezani. Niliogopa, sifichi. Akiondoka leo bila hamu ya kurudi, hatatoka tena kwake ila kwa jeneza.

Hulusi akacheza kwa adabu zote. "Karibu, ndugu Saffet. Hongera, ndugu Saffet." Akaacha kete zake wazi makusudi zipigwe. Saffet akashinda mara tatu, kisha akasukuma kiti.

"Ndugu? Kwani nimekufa na mimi? Kwaherini."

Alishafika mlangoni Hulusi alipopiga meza kofi.

"Rudi hapa, fundi viraka! Nilikuwa nakuhurumia. Hujui kucheza, hata marehemu alikuwa akikufunga!"

Binti akaziba mdomo. Saffet akarudi, akakaa.

Wakaanza upya, akafungwa tano bila. Kwetu aliyefungwa hivyo hubebeshwa ubao wa tavla kwapani akajifunze nyumbani, mtaa mzima ukimcheka, na kesho aurudishe. Saffet akatoka nao, uso umemwiva. Binti akaandika: "Mzee mmoja amedhalilishwa. Mchezo haumfai." Nikampa chai nyingine, maskini.

Asubuhi sijawasha hata jiko, mlango ukagongwa. Saffet huyo, kidevu kimenyolewa, kina mikato ya wembe, ubao kwapani.

"Yuko wapi mchunga mbuzi?"

"Amelala, bwana we! Hata jua halijatoka."

"Kamwamshe." Akaketi, akafungua ubao. "Ni kweli, Bekir. Mualla alikuwa akinifunga kila Ijumaa. Huyu mshenzi amejuaje?"

Akaanza kupanga kete za pande zote mbili, machozi yakimtiririka.