Yai la Mjomba

Kuku ana macho makali na akili ndogo. Kinachong'aa kwake ni chakula: kipande cha kioo, waya wa tairi lililochomwa, sindano. Kuku wangu wa kwanza hapa Geita nilimkuta na msumari wa bati ndani ya firigisi, na tangu siku hiyo nikawa nafagia uwanja kila asubuhi kama mtu anayengoja wakwe.

Sumaku aliniletea kaka yangu. Aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifunga kamba, akanionyesha namna ya kuiburuta taratibu kuzunguka banda. Ilirudi imeota ndevu za misumari na vipande vya waya. Nilikaribia kulia. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni tukienda kwa bibi, na utu uzima wote bado alijua ninachokiogopa.

Kifua kilipomtoa kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, nikampa chumba cha uani. Sharti lilikuwa moja tu: dhahabu isichenjuliwe kwangu. Kazi ile ya kunasa dhahabu mchangani kwa zebaki ina mialo yake, viwanja vya kuoshea mchanga, huko mbali na watu, na zebaki sikutaka kuisikia hata harufu penye kuku ninaowala.

"Mayu, naapa kwa kaburi la mama," aliniambia, kwa lile neno la Kisukuma la kumheshimu mwanamke.

Kaburi la mama liko Shinyanga, nimelisakafia mimi mwenyewe. Nikaamini, na kwa nini nisiamini?

Kisha binti yangu akarudi nyumbani na mimba yake ya kwanza. Mashangazi wakaja juu: mjamzito hali mayai, mtoto atazaliwa hana nywele. Kliniki walisema ale. Nikawajibu mashangazi kwamba heri mjukuu mwenye kipara kuliko mjukuu dhaifu, wakanuna, nami nikasimamia neno langu. Kila asubuhi binti yangu alikula yai. Mimi nikiwa sokoni na vitenge vyangu, mwokotaji wa mayai alikuwa kaka. Aliyasuuza, akamletea mpwa wake ndani kwa mkono wake. Yeye mwenyewe hakugusa hata moja. "Ya mgonjwa wetu hayo," alikuwa akisema, nasi tukamsifu kwa majirani.

Mjukuu wangu sasa anatambaa. Kila nikimwita akachelewa kugeuka, roho yangu inaruka.

Jumapili moja, mimba ikiwa imeshakua, nilichinja tetea aliyeacha kutaga. Nikapasua firigisi niisafishe. Katikati ya changarawe palikuwa na tone linalong'aa. Nililigusa kwa ncha ya kisu, likawa mawili, yakakimbizana kwenye sahani. Geita hii hakuna asiyeijua zebaki, na pale kliniki walishatuambia inavyomharibu mtoto angali tumboni. Hata hivyo nilikwenda kuchukua sumaku yangu, nikaisogeza karibu. Tone halikutikisika. Sijui nilitegemea nini.

Nikazunguka nyuma ya chumba cha kaka. Chini ya gunia palikuwa na karai na chupa ya soda yenye zebaki kidogo kwenye kitako. Mchanga uliokwisha kuchenjuliwa alikuwa anaumwaga pale pale, hadi ukutani mwa banda, na ulikuwa umechakurwa wote na kuku. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nikishaondoka kwenda sokoni. Kumbe nilikuwa nafagia mbele, mwenzangu anapanda sumu nyuma.

Nilitamani kupiga kelele mtaa mzima usikie. Lakini nilitaka kwanza kujua jambo moja: kama hakufikiri, au alijua. Asiyefikiri anaweza kusamehewa. Nikachemsha yai aliloliokota asubuhi ile ile, nikaliweka mezani mbele yake. Alikuwa hajanywa hata chai.

"Kula, kaka."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

Akacheka kidogo, akasugua goti. "Tumbo tu, mayu. Halijatulia leo."

"Na siku nyingine zote?"

Alilitazama lile yai, kisha akanitazama mimi, na mikono yangu bado ilikuwa na damu ya kuku. Nikaona ameelewa kwamba nimeona. Niliumia pale kuliko siku tuliyomzika mama, maana mama hakuchagua kuniacha.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Binti yangu akatoka akivuta miguu, mkono mmoja kiunoni, akakaa kwenye kiti cha katikati yetu. Hakujua lolote. Aliona chai na aliona yai limekaa bure.

"Mjomba, kama hulitaki si unipe mimi?"

Nilimwachia kaka yangu nafasi aseme neno moja tu: "Acha." Angelisema, nadhani leo angekuwa bado anakaa kwangu. Binti yangu akalichukua yai, akaligonga ukingoni mwa meza, akaanza kulimenya huku akimsimulia mjomba wake jinsi mtoto alivyocheza tangu alfajiri. Kaka yangu alitazama maganda yakianguka, akatabasamu, akamsogezea chumvi.

Mimi ndiye niliyemshika binti yangu mkono, kabla yai halijafika mdomoni.