Dereva wa Kutupeleka Tuscany

Jamani, ulikuwa ubishi wa treni na gari tu.

Tulikuwa jikoni hapa Hyattsville, mimi na binti yangu, tukipanga likizo ya Italia. Tutalala Florence, huko mkoa wa Tuscany, kila siku tutoke asubuhi turudi jioni.

Yeye anataka treni. Mimi nataka gari la kukodi.

Nikamwambia treni haipandi kwenye vile vijiji vya mlimani. Na goti hili langu halikimbilii basi la mtu! (Manesi wenzangu mnanielewa.)

"Fine, Mom. Who's driving?"

Mnanijua. Miaka yote hii Marekani, sijawahi kushika usukani.

Nikajibu haraka, macho kwenye simu: "Si baba yako ataendesha?"

Nikainua macho.

Baba yake tulimzika mwaka jana, kwao Nyeri.

Huyu mtoto hunijibu kwa Kiingereza tangu ajue kuongea. Leo akanishika mkono, akasema polepole, kwa Kiswahili:

"Haya, Mama. Twende na treni."

Kwa ule upole wa baba yake kabisa. Nikageuka kuangalia mlangoni, kama vile ni yeye ameingia.

Kuna mwingine husahau kwamba wapendwa wake wameenda? Ama ni mimi tu?