Roseline Akoth wa Asumbi, Aliyewalaza Watoto Mkekani

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1959, karibu na misheni ya Asumbi, saa ambayo hakuna aliyetarajia mgeni. Mvua ilikuwa imetoboa paa, maji yakatiririka hadi pale mama yake alipolala, na papo hapo mtu akapiga hodi. Alikuwa Suleman, mchuuzi wa vitambaa kutoka pwani, akisukuma baiskeli na kutafuta mahali pa kujikinga. Nyanya alimkaripia kutoka ndani, "Hapa watu wanazaa, wewe unatafuta chai?" Suleman hakudai chai. Alifungua mzigo wake, akatoa mkeka wa ukindu aliokuwa akiulalia safarini, akaupitisha mlangoni huku amegeuza uso. "Mtoto asilale majini," alisema, akaondoka mvua ikiwa bado inamwagika. Hakuonekana tena Asumbi. Mtoto akabatizwa Roseline, na nyumbani akaitwa Akoth, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua. Mkeka ule ukawa wake.

Alikua msichana wa kawaida, mwepesi wa kucheka, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya. Mwaka 1980 alifunga ndoa kanisani na Nicanor, fundi seremala, na mwaka 1982 wakampata mwana wao wa pekee, Cephas. Alipofika miezi minne, ukimshika wima alinyoosha miguu ikawa kama misumari, akasimama kwa ncha za vidole. Jamaa walishangilia. "Huyu ni askari!" walisema, wakampokezana ili kila mmoja amsimamishe. Roseline alicheka pamoja nao, lakini moyoni alijiuliza. Kwa nini mtoto alilala amejipinda mgongo kama upinde, kichwa kimetupwa nyuma? Kwa nini kidole gumba hakikutoka ndani ya ngumi? Mama mkwe alimwonya asimtafutie mtoto makosa, naye akanyamaza. Cephas alikuwa na miaka miwili na hajaketi hata mara moja, ndipo sista muuguzi alipomkunja goti taratibu na kusema, "Mama, huu si uimara. Mwili wake umekaza, hajui kuulegeza. Ungekuja mapema tungemfundisha mengi." Nicanor alimchongea mwanawe kiti chenye mikono, na katika kiti hicho Cephas aliketi, akacheka, akajifunza majina ya ndege wote wa uani. Alifariki kwa homa ya mapafu mwaka 1991. Siku ya arobaini, Roseline alipiga magoti mbele ya altare akamwahidi Mungu kwamba mama yeyote anayejiuliza juu ya mtoto wake hatajiuliza peke yake.

Hivyo ulianza utume wake. Kila Jumapili baada ya Misa alitandika mkeka wa Suleman kando ya kanisa, na akina mama wakaleta watoto. Hakuwa na haraka ya kuwashika. Alijilaza kifudifudi mbele ya mtoto, mwanamke mzima na gauni lake la Jumapili, akamtazama usoni hadi mtoto alipomzoea. Wengi aliwarudisha nyumbani wakicheka. Kulikuwa na mtoto aliyetambaa kwa makalio kama anayepiga deki, Roseline akasema, "Mwacheni, amepata njia yake." Kulikuwa na mwingine aliyegeuza shingo upande mmoja tu, na Roseline, baada ya kwenda kwao, akagundua kwamba redio na dirisha vilikuwa upande huo, akahamisha kitanda. Lakini alipoona mwili uliokaza au kulegea kupita kiasi, au mkono mmoja uliosahauliwa, alikunja mkeka, akampeleka mama hospitalini mwenyewe, akaketi naye kwenye foleni. Kisha akajifunza mazoezi pamoja naye, ili nyumbani wakumbushane.

Jaribu lake kubwa lilimkuta Masara, katika machimbo ya dhahabu ya Migori, mwaka 2019. Alikuwa amekwenda kwenye harusi ya binti yake wa ubatizo, akaingia katika duka la Abdirahim na mkewe Ruqia kununua leso. Mlangoni alikuta wachimbaji wamepanga mstari. Mmoja mmoja waligusa ngumi ya kulia ya Abdihakim, mtoto wa miezi minane, kisha wakaenda kushuka mashimoni. Ngumi ile haijawahi kufunguka, walimweleza. Ameshika dhahabu, na anayeigusa hupata. Duka lilijaa kila asubuhi, na Abdirahim aliamini kwamba Mungu amembariki.

Roseline aliona kidole gumba ndani ya ngumi. Alimpa mtoto kijiko upande wa kulia. Mtoto akajipinda kukichukua kwa kushoto.

"Mama Hakim," alimwambia Ruqia polepole, "huu mkono unaomba msaada."

Ruqia alianza kulia hapo hapo. "Nami huwa najiuliza, Mama. Nikisema, wanauliza kama sitaki baraka."

"Nitakuja kila Jumamosi, mpaka anipe kitu kwa mkono huo."

Mchimbaji aitwaye Okari akapaza sauti, "Mama wa Asumbi, usituharibie bahati!"

"Umeigusa ngumi hii tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Na suruali ni ile ile."

Watu walicheka, lakini kicheko hicho hakikudumu. Ruqia alipokataa mtoto kuguswa tena, na wiki hiyo mashimo yasitoe kitu, Roseline akaitwa mchawi. Jumamosi moja mkeka ulitupwa matopeni. Aliufua, akauanika juu ya mabati ya duka, akasubiri ukauke, ndipo akaanza mazoezi. Moyo wake ulikuwa tayari mgonjwa na miguu yake ilivimba, naye alibadilisha gari mara tatu kutoka Asumbi. Nicanor alimsihi apumzike. Alijibu, "Cephas nilimchelewesha miaka miwili. Huyu simcheleweshi hata Jumamosi moja." Abdirahim alikaa mbali miezi mingi. Siku moja alirudi kutoka hospitali ya Migori, ambako yeye mwenyewe alimsikia mtaalamu wa viungo akisema yale yale, akavua viatu, akaketi mkekani. Tangu hapo yeye ndiye aliyemshika mtoto kiuno.

Mwezi Februari 2021 Ruqia alimwaga njugu karanga juu ya mkeka. Abdihakim alizitazama. Baba yake alimzuia kwa upole mkono wa kushoto. Vidole vya kulia vikafunguka kimoja baada ya kingine, kwa taabu, vikaokota njugu moja, vikaiweka kiganjani mwa Roseline. Roseline akaila huku machozi yakimtiririka. Okari, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashusha pumzi. "Kumbe zilikuwa njugu," alisema, akavua kofia. Mkono ule haukuwa kama mwenzake, wala haujawa hadi leo. Watu walipouita muujiza, Roseline alisema muujiza ni mama aliyethubutu kusema anachokiona.

Alifariki tarehe 9 Juni 2022, Alhamisi, mikononi mwa Nicanor. Siku chache kabla ya hapo alimkabidhi Ruqia mkeka. "Nilipofika dukani kwenu ilikuwa Jumamosi," alimwambia. "Jumamosi usikae umekunjwa." Ruqia akajibu, "Inshallah, Mama."

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, lakini waumini wa Asumbi humwombea na kumwomba, na watu wasio wa Kanisa humtaja kwa upendo. Anayetaka kumfuata hahitaji kwenda mbali. Ajilaze chini mbele ya mtoto, amtazame sana, kisha amsikilize mama yake.

Jumamosi ya kwanza baada ya maziko ilikuwa siku ya soko Masara, siku ambayo duka huuza kuliko wiki nzima. Saa tatu asubuhi Ruqia alifunga milango. Okari akagonga, "Mama Hakim! Betri za tochi! Leo ni soko!"

"Nenda kwa jirani."

"Na wateja wote hawa?"

"Waende nawe."

Wakavuka barabara, Okari akiwaongoza. Mwanamke ambaye Ruqia hakumjua, aliyetoka machimbo ya Osiri, alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni. Ruqia akautandika mkeka barazani, akaunyoosha pembe kwa mguu, akajilaza kifudifudi.

"Mlaze hapa, dada," alisema. "Niambie umeona nini."