Usijaze Chati Bila Kufungua Friji

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa muuguzi mchanga katika zahanati ndogo upande wa Kanyangi, nilipokaa kitini na kujaza chati ya joto la friji bila kuinuka kuifungua. Niliandika nyuzi nne, joto linalotakiwa. Friji yenyewe iliendeshwa kwa mtungi wa gesi, nayo ilikuwa imezima kwa kukosa gesi. Chanjo tulikuwa tumezihamishia hospitali kubwa, lakini sindano za kuzuia damu kwa mama akishajifungua zilibaki mle ndani, nami nikajiambia zitavumilia joto.

Unaniuliza kwa nini. Ilikuwa imetoka sera mpya ya ubora wa huduma. Wakaguzi walipita na fomu ndefu ya ndiyo na hapana, na zahanati yenye hapana nyingi ilisomwa mkutanoni, wenzako wakisikiliza. Sista Mbithe, mkubwa wangu, alikuwa likizo. Sikutaka arudi akute nimemwaibisha.

Basi nikaandika nne, na kesho yake nne, karibu wiki mbili. Kisha mchana mmoja Mwende, binti wa jirani tu hapo, akajifungua mtoto mzima wa kike. Damu ikaanza. Nilimchoma sindano ya kwanza, nikamchoma ya pili, nikamkanda tumbo mpaka mikono ikafa ganzi. Dawa ilikuwa kama maji. Alikata roho kwenye gari tukimkimbiza hospitali kubwa, kabla ya kufika lami.

Wiki iliyofuata wakaguzi walikuja, wakatupa alama nzuri. Chati zetu zilikuwa zimejaa.

Sista Mbithe aliporudi aliiweka ile chati mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Gesi ilikuwa imeisha. Wewe umeandika nne. Siku Mwende amekufa, pia nne. Sasa huko juu wakisoma hii, wataona sisi hatuna shida. Nani ataleta gesi mahali hakuna shida?"

Akaikunja ile chati.

"Vaa viatu," akasema. "Twende kwa mama yake."

Mama yake Mwende tulimkuta akimlisha mtoto maziwa kwa kijiko. Nilipiga magoti. "Mwaitu," nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu, "dawa niliyompa Mwende ilikuwa imeharibika. Nilijua friji haifanyi kazi."

Alimaliza kulisha kwanza. Akampangusa mtoto mdomo.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Lakini hapa usirudi tena."

Sijarudi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua; hawakusema kwamba kifo chenyewe huweza kuwa cha mtu mwingine.

Sera ile ilibadilishwa baadaye. Tuliitwa semina Kitui mjini, nikasimama nikaeleza yote, wakaandika. Fomu mpya ilipotoka ilikuwa na mstari umeongezwa: je, umefungua friji na kusoma kipimajoto? Nilifurahi, mwanangu. Halafu nikatembelea zahanati moja huko Makueni, nikamwona kijana amekaa kitini, akijibu ndiyo kwenye mistari ya wiki nzima bila kuigusa friji, kalamu haijapumzika. Siku hizi ninyi wauguzi vijana mnajaza kwenye tableti, na kidole kina mbio kuliko kalamu.

Sisemi sera ni bure. Zimetuletea maji ya kunawa, glavu, na kitanda cha kuzalia kisichoyumba, na wapo kina mama wanaoishi kwa sababu hiyo. Lakini sera hujifunza kwa yale unayoiambia. Ukiidanganya, itabadilishwa mara kumi na bado haitakuona.

Kwa hiyo nakuusia: fungua, tazama, ndipo uandike. Pakiwa na hapana, andika hapana, hata wakikusoma mbele ya watu. Aibu ya mkutano huisha mkiinuka kwenye viti. Hii yangu nimezeeka nayo.

Mungu akupe macho ya kuona kilichoko na mkono usioogopa kukiandika. Kila mama atakayeingia kwako akiwa na mimba, atoke kwa miguu yake, amebeba mtoto wake.